Kitabu cha keki hakijui joto la Mboghoni

Nina swali moja kwa watu wanaoandika vitabu vya kuoka. Mnaposema siagi iwe "ya joto la chumba", ni chumba cha nani hicho? Kwa sababu hapa Mboghoni, mwezi wa pili, saa nane mchana chini ya mabati, siagi ikishafika joto la chumba huwa si siagi tena. Ni mchuzi. Kule kwao chumba kina nyuzi 20 hivi, siagi inakaa pale imelainika, unaibonyeza na kidole inaacha alama. Hapa ukiibonyeza, kidole kinagusa sahani.

Na bado hicho kitabu nimekipenda, manze. Hiyo ndiyo shida yangu.

Nilikipata kwa binamu yangu. Anafanya kazi Dubai, alikuja likizo, akafungua sanduku akasema, "Wewe si ndiye mpishi wa simu? Shika." Kitabu kipya, kinene, jalada gumu, picha mpaka unataka kulamba karatasi. Kimechapishwa London. Jina siwapi, kwa sababu kesi yangu si na kitabu kimoja, karibu vyote vimeandikwa hivyo. Nimeoka kutoka kwacho wiki sita sasa, jikoni kwa mamangu. Na nimefika mahali naona hivi: karibu kila kitu ambacho kitabu kinasema lazima uwe nacho, si lazima. Halafu kuna kitu kimoja kidogo ambacho wasomaji wengi huruka, na hicho ndicho sisi huku tunakihitaji kuliko hata oveni. Nitafika hapo.

Kwa wageni: Mboghoni iko Taveta, karibu kabisa na mpaka wa Tanzania. Kutoka Voi unaelekea magharibi zaidi ya kilomita 100, unapita Mwatate, unapita Maktau, vumbi na miba na ndovu wakiwa na bahati ya kukuona, halafu ghafla pakavu panageuka kijani. Kuna maji ya chemchemi yanayotoka chini kwa chini upande wa Kilimanjaro, na mifereji inayopita katikati ya mashamba. Na ndizi. Ndizi mbele, ndizi nyuma. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipotushinda nyumbani, nikarudi kutoka Nairobi, nikaanza kurekodi chakula na simu, na siku hizi hiyo ndiyo kazi. Kuna wazee hapa wananiita Daktari wa Masufuria. Naitika tu.

Sasa oveni, kwa sababu hapo ndipo wengi wenu mnakata tamaa. Kila ukurasa unaanza: washa oveni nyuzi 180. Msee ambaye hana oveni amefungiwa mlango kabla hata hajavua viatu. Anafunga kitabu, anaenda kununua keki ya dukani ile ya karatasi, anasema kuoka ni mambo ya watu wa estate.

Lakini hebu fikiria oveni inafanya nini. Inaleta joto kutoka chini, joto kutoka juu, na hewa kavu katikati. Basi. Hiyo kazi huku pwani sufuria imekuwa ikiifanya kabla ya nyanya zetu kuzaliwa. Mkate wa sinia, ambao wengine mnauita mkate wa kumimina, unaivaje? Makaa chini, mfuniko juu, halafu makaa mengine yamepaliwa juu ya mfuniko. Mkate wa mayai vilevile, na ukiuangalia vizuri mkate wa mayai ni ile keki nyepesi kabisa ambayo kitabu changu kimeipa kurasa nne na jina la kizungu: mayai na sukari vinapigwa mpaka vinafura, unga unaingizwa polepole, mafuta hakuna. Watu wa Mombasa na Lamu wanaijua. Hawakuwahi kuambiwa kwanza wakanunue mashine.

Yangu iko hivi. Sufuria kubwa ya shughuli, ile ya kupikia wageni. Ndani mchanga uliochekechwa, unene wa vidole viwili. Juu ya mchanga mawe matatu madogo ya kubeba bati la keki lisiguse chini. Unafunika, unaweka jikoni dakika 15 kabla ya kuingiza kitu chochote. Makaa chini yawe machache, juu ya mfuniko yawe kama mara mbili yake. Wengi hufanya kinyume, ndiyo unaona keki imeungua makalio na juu bado uji. Mchanga unashika joto na hauliachi, lakini juu joto linakimbia, lazima ulifukuzie.

Na nyuzi 180 utazijuaje bila kipimo? Kuna njia ya kale, wapishi wa Ulaya wenyewe walikuwa wakiitumia kabla ya vitufe na namba. Weka kipande cha karatasi nyeupe ndani, funika, hesabu dakika tano. Ikitoka nyeusi, toa makaa. Ikitoka nyeupe kama ilivyoingia, ongeza. Ikitoka rangi ya chai ya maziwa, ingiza keki. Nimefanya hivi mara nyingi hadi mamangu anauliza daftari zangu zinaishia wapi.

Wenye oveni za stima msicheke sana. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilizima usiku. Siku hiyo jiko la makaa halikuhitaji kumpigia mtu simu.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika: wewe watu wanatafuta unga, unatuongelea keki? Nalielewa swali na sikubaliani nalo. Hiki kizazi chetu kinajua vizuri mkate unakaa wapi kwenye maisha ya mtu. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipotaka kuweka VAT ya asilimia 16 kwenye mkate, na kodi nyingine kwenye mafuta ya kupikia, hakuna aliyesema mkate ni starehe. Tarehe 18 Juni pendekezo la mkate likaondolewa, tarehe 25 watu walikuwa barabarani hata hivyo, tarehe 26 Rais akasema hatatia saini mswada wote. Tulisimama kwa ajili ya mkate. Sasa inakuwaje mkate ukitoka kiwandani ni haki ya mwananchi, lakini mtu akisema anataka kuoka wake nyumbani anaambiwa anajifanya? Unga ni ule ule wa ngano, na ngano nyingi tunayokula tunaiagiza nje; vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022 nyinyi wenyewe mliona pakiti ya kilo mbili ilipofika. Kama unga ni ghali, hiyo ndiyo sababu kubwa ya kutouharibu kwa kubahatisha.

Kubahatisha. Hapo sasa.

Kile kitu kidogo nilichosema ni mizani. Ile ndogo ya betri, bapa, kubwa kama kiganja na nusu. Yangu niliinunua chini ya elfu moja, nikala chai kavu siku kadhaa, na ninaiambia dunia nzima: kati ya oveni na mizani, chukua mizani. Kitabu changu kinaandika kila kitu kwa gramu na mwanzoni nilikuwa naona ni madoido. Halafu nikaanza kuona kwa nini.

Chukua kikombe. Video nyingi mnazotazama ni za Marekani, na kikombe chao ni mililita 240. Kikombe cha Uingereza na Australia siku hizi ni 250. Kikombe chako cha chai kule nyumbani, kile cha plastiki chenye maua, ni mililita ngapi? Nimepima vya kwetu vinne. Hakuna viwili vilivyolingana, na kimoja kilimeza 330. Halafu unga wenyewe: ukiuchota na kuushindilia na ukiumimina polepole, kikombe hicho hicho kinatofautiana hata gramu 30. Hiyo ni keki laini upande huu na tofali upande ule, na mtu aliyeoka tofali atasema "mimi sina mkono wa kuoka". Una mkono bana. Huna kikombe cha Mmarekani.

Ama mayai. Kitabu kinasema mayai 3. Yai kubwa la dukani bila ganda ni kama gramu 50. Yai la kuku wa kienyeji wa kwetu linaweza kuwa 38. Ukiweka matatu umepungukiwa na karibu yai zima, na hakuna mtu atakwambia. Ndiyo maana keki niliyoipenda kuliko zote kwenye hicho kitabu ni ile waliyoipa jina la Malkia Victoria. Kanuni yake ni tamu: unapima mayai yako kwanza, yakiwa na maganda, halafu unaweka sukari uzito huo huo, siagi uzito huo huo, unga uzito huo huo. Bekingi pauda kidogo. Mayai madogo, keki ndogo, makubwa, keki kubwa, lakini haikosei. Ina dada yake mkubwa ambaye Waingereza walimpa jina la uzito wenyewe: ratili moja ya kila kitu. Keki ya ratili, ukipenda.

Na hapo nikasimama kidogo, kwa sababu neno ratili ni letu. Ratili, wakia, kibaba, pishi, frasila. Karafuu na pembe zilipimwa kwa frasila pwani hii wakati hao wa vitabu hawajasikia kitu kinaitwa gramu. Vibaba vinne pishi moja, wazee wanajua. Kile kibaba cha haba na haba kilikuwa chombo cha kupimia, watu walikishika mkononi sokoni. Kwa hiyo yule anayeniambia kupima ni uzungu na Mwafrika hupika kwa roho, naomba aende akanunue mchele "kwa roho" pale sokoni Taveta aone atapewa ngapi.

Siagi nilishaisema. Dawa yake hapa ni kuipima asubuhi mapema kabla jua halijashika mabati, ama utumie Blue Band ambayo inavumilia joto kidogo, ama uchague keki ya mafuta ya maji na uache kujitesa. Vanila ya ganda kitabu kinaipigia magoti. Uganda hapo jirani wanailima, lakini bei yake ni ya kuuza nje. Tia iliki. Kwa unga wa hamira mambo ni kinyume na siagi, hapa joto linatusaidia: kitabu kinasema acha unga ufure saa moja "mahali penye joto", kana kwamba lazima upatafute. Huku mahali penye joto ni kila mahali. Unga wangu hufura dakika 35 hivi, ukingoja saa nzima unaanza kunuka pombe.

Wa Nairobi, Nakuru na Eldoret, hii ni yenu, halafu nirudi kwangu. Keki zenu zinazofura vizuri halafu zinabonyea katikati kama godoro la hosteli mara nyingi ni mwinuko. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa huko ni nyepesi, ile gesi ya bekingi pauda inatanuka kuliko mwandishi wa London alivyopanga, keki inapanda mbio kabla haijajishika, inaanguka. Punguza bekingi pauda kama robo, ongeza maziwa kidogo. Taveta tuko chini, kama mita 750, hatusumbuki sana, na wa Mombasa hamsumbuki kabisa. Halafu tafadhali, magadi ya kupikia maharagwe si bekingi soda. Ni ndugu, lakini huyu ni mkali zaidi. Keki ya magadi inatoka rangi ya manjano na ladha ya sabuni.

Sasa ndizi.

Mkate wa ndizi ndio uliokuwa kila mahali 2020 wakati dunia imefungiwa ndani na Korona. Wamarekani waliuzoea tangu miaka ya 1930, lakini 2020 kila mtu mwenye simu na oveni alikuwa anapiga picha mkate wa ndizi. Mimi nilikuwa hapa hapa, shule zimefungwa, na nilikuwa naangalia hizo picha nimekaa kwenye kizingiti cha mlango, na nyuma yangu kuna mikungu mitatu inaiva kwa wakati mmoja na hakuna mtu wa kuila. Sikuwa na habari kwamba kile kinachotupwa kwetu ndicho dunia inakitafuta.

Kwa sababu ndizi za huku zinanunuliwa zikiwa mbichi. Siku za soko Taveta, Jumatano na Jumamosi, lori zinajaa, zinaenda Kongowea, zinaenda Nairobi. Ndizi ikishaiva haiwezi safari hiyo. Ikishatoka madoadoa dalali hata haiangalii. Inakuwa ya watoto, ya majirani, ya ng'ombe, ya inzi. Na kuoka mkate wa ndizi unataka ndizi gani? Ile ile ya madoadoa. Kadiri inavyokuwa nyeusi ndivyo sukari yake inavyopanda. Kitabu changu kina ushauri wa kuweka ndizi kwenye oveni ili ziive haraka, wasee, wanaziivisha kwa oveni, huku sisi tunazikimbiza zisituozee.

Lakini ukurasa wenyewe unasema: "ndizi 3". Tatu gani? Hapa ukisema ndizi mtu anakuuliza ipi. Mwandishi ana kichwani ile ndefu ya supamaketi, Cavendish, ambayo tatu zikishamenywa zinakaribia gramu 350. Kisukari zetu ni fupi kama kidole cha gumba cha fundi, ukiweka tatu umeoka mkate wa unga wenye harufu ya ndizi kwa mbali. Na ukiniletea mkono wa tembo tatu, hizo ni za kupika, tutakula na familia jirani. Hapo ndipo mizani ililipa deni lake. Nilimenya kisukari mpaka nikafika 350, zikawa nane.

Haya, andikeni. Kisukari zilizoiva sana gramu 350 bila maganda, unga wa ngano 250, sukari 80 (kitabu kinasema 140, kisukari ni tamu tayari), mafuta ya maji 80, mayai mawili, bekingi soda kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, chumvi kidogo, iliki sita umezitwanga. Ponda ndizi, tia mafuta na mayai na sukari, halafu vikavu, koroga mpaka unga usionekane na uache hapo hapo. Sufuria ya mchanga dakika 45 hadi 50. Choma katikati na kijiti cha mfagio kilichooshwa, kikitoka kikavu, toa. Usikate ukiwa moto. Najua utakata.

Ya kwanza kutoka iliisha kabla haijapoa. Ya pili niliipeleka kwa kijana mwenye kibanda cha chai karibu na steji, akaikata vipande kumi, ikaisha kabla ya saa nne. Siku hizi nampelekea mbili kila siku ya soko. Sisemi nimetajirika, nikitoa unga, mayai na makaa, kinachobaki ni cha bando na mboga. Lakini ndizi ndani yake sijazinunua. Na kuna kipande kimoja cha hesabu hii kinanikera kichwani: mkungu unatoka hapa ukiwa mbichi kwa bei ambayo dalali anaipanga, unarudi kwetu kama picha ya kipande cha keki kwenye mkahawa wa Westlands. Katikati hapo kuna nini ambacho sisi hatuwezi? Sufuria tunayo, mchanga uko mtoni, na ndizi ndizo hizo zinaozea mlangoni.

Kuna wanaoniuliza kama sioni aibu, mwanaume mzima na aproni. Aliyekupikia chapati ya asubuhi kibandani ni nani? Haya tuendelee.

Nilidhani nimemaliza maoni yangu hapo, mizani imeshinda, vitabu vya gramu vidumu. Halafu nikaenda kwa mama mmoja wa Taveta mjini. Ametoka Mombasa miaka mingi, anauza mkate wa sinia, na Ramadhani ikifika foleni yake inafika barabarani. Nilimpigia shikamoo, nikamwambia mama naomba kupima mkate wako. Akacheka. "Upime nini, mwanangu? Umekuwa mtu wa kaunti?" Nikamweleza. Akasema mkate wake hauna gramu, una kiasi. Kiasi gani? "Kiasi chake."

Hilo jibu mnalijua. Ndilo jibu la kila mama na kila bibi wa pwani hii, na mimi nilienda pale nikiwa na uhakika kwamba hilo ndilo tatizo lenyewe. Nikamwomba achote sukari kama anavyochota kila siku, ila badala ya kutia kwenye bakuli, atie kwenye mizani yangu kwanza. Anachota konzi. Konzi ya kwanza gramu 58. Ya pili 61. Ya tatu 57. Ya nne 60. Ya tano 59. Hakuwa anaangalia namba, alikuwa anamfokea mtoto aliyekuwa anachezea mfuniko. Tano zote, tofauti gramu nne. Mizani yangu ya betri ina siku inapotea zaidi ya hapo.

Kwa hiyo siwezi tena kuja hapa kuwaambia mama zetu hawapimi. Wanapima. Kipimo chao kiko mkononi na kimesahihishwa na mikate elfu ngapi sijui. Lakini mkono wangu si wake, konzi yangu nilipoipima ilikuwa 74, na binti yake mwenyewe ya kwake ilikuwa 45. Huyo binti ameniambia amejaribu mkate wa mamake mara nyingi, "kiasi kwa kiasi", haujawahi kutoka, na amekubali kwamba hana kipaji. Hiyo ndiyo ilinikaa. Mtu anaachia urithi wake kwa sababu ngumi yake ni ndogo.

Na ndiyo maana nakiheshimu hicho kitabu cha London pamoja na siagi yake ya chumba cha wenyewe. Kuna mtu kule alikaa chini na mkate wa nyanya yake akaupima. Sisi tunarekodi video za sekunde 60, muziki juu, mikono inakimbia, "weka unga, weka sukari, koroga", na hakuna namba hata moja. Nawasema wenzangu wa kazi hii, na wengine wanajua nawasema. Mnaoka na krimu ya mia nne, mnasema "rahisi, kila mtu ana hivi nyumbani". Nani? Mnaficha vipimo ili mtu alipie darasa. Sawa, biashara ni biashara. Lakini mkate wa sinia si wako. Mahamri si yako. Ukiyatia kwenye video, tia na gramu.

Mimi nimeanza daftari. Ukurasa wa kwanza ni wa yule mama na amenipa ruhusa, kwa sharti kwamba nisiandike jina lake "watu wa kodi wasije". Mchele gramu 600 uliolowekwa usiku kucha, sukari 295, yaani konzi tano zake, hamira, iliki, tui. Tui ndilo bado. Analimimina akiangalia uji wa mchele unavyodondoka kwenye upawa, anasema ukidondoka kama utepe umetosha, na utepe sijui una mililita ngapi. Mara ya kwanza ilikuwa 410, mara ya pili 385. Anasema nazi hazikufanana, na nadhani ana haki.

Ameniambia nirudi Alhamisi alfajiri, atakuwa anasaga. Nije na mizani, nije na nazi mbili, na nisije na maswali mengi.